Filamu ya Batou, Si ya Motoko

Nimeitazama Innocence, filamu ya uhuishaji ya Kijapani, mara nne sasa, na mara ya kwanza niliimaliza nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeingoja kwa hamu, kwa sababu filamu iliyoitangulia, Ghost in the Shell ya mwaka 1995, ndiyo iliyonionyesha kwamba uhuishaji unaweza kuuliza maswali mazito kuhusu mwili na roho bila kumnyima mtazamaji msisimko. Nilimtaka Meja Motoko Kusanagi, shujaa wa filamu ile, askari mwenye mwili wa mashine. Nikapewa Batou, askari mwenzake, pamoja na mbwa wa Batou, na mazungumzo marefu yaliyojaa maneno ya watu waliokufa zamani. Kwa hiyo siwalaumu hata kidogo wale wanaosema kwamba filamu hii iliwavunja moyo. Walichokiona wamekiona sawasawa, ijapokuwa hukumu yangu leo haifanani tena na yao.

Filamu zote mbili ziliongozwa na Mamoru Oshii, zikatengenezwa na studio ya Production I.G, na muziki wake ukatungwa na Kenji Kawai. Baina yake ilipita miaka tisa, na katika miaka hiyo mengi yalibadilika. Ile ya kwanza ilipata wapenzi wengi nje ya Japani kupitia kanda za video, hata mwaka 1996 ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya video ya jarida la Billboard nchini Marekani. Kisha mwaka 2002 ukaanza mfululizo wa televisheni ulioongozwa na Kenji Kamiyama, ambamo Motoko anaongoza Kitengo cha Tisa, kikosi chao maalumu cha usalama, kwa kujiamini, kesi zinakwenda mbio, na roboti ndogo za kikosi zinachekesha. Hivyo mtu aliyeketi kuitazama Innocence ilipotoka Machi 2004 aliweza kuwa ametoka tu kumwona Motoko akiwa kazini, akiwa hai, akitoa amri. Mtu huyo hakuwa amejiandaa kwa msiba.

Nami naiona filamu hii kuwa filamu ya msiba. Mwishoni mwa ile ya kwanza Motoko aliungana na akili iliyozaliwa mtandaoni, akaondoka, akamwacha Batou mlangoni. Ya pili inaanza mwaka 2032, Motoko hayupo, na Oshii hafanyi lolote kulijaza pengo hilo. Batou amepewa mshirika mpya, Togusa, mwanamume mwenye mke na binti ambaye mwili wake karibu wote bado ni wa kuzaliwa nao. Kesi wanayopewa ni ya roboti za kike zilizotengenezwa na kampuni iitwayo Locus Solus, ambazo zimeanza kuwaua wamiliki wake. Yeyote anayeifuatilia kesi hiyo kama hadithi ya upelelezi atagundua mapema kwamba mwongozaji mwenyewe haitilii maanani sana. Dalili zinatokea bila kufafanuliwa, wapelelezi wanaruka kutoka mahali hadi mahali, na kitendawili kinateguliwa kwa maelezo ya haraka karibu na mwisho. Lalamiko hili linatolewa mara nyingi, na ni la haki. Ila kwa upande wangu, nilipoacha kuifuata kesi na kuanza kumfuata Batou, namna anavyoingia nyumbani, anavyomlisha mbwa, anavyonyamaza Togusa anapomtaja Meja, filamu ilibadilika mbele ya macho yangu. Huyu ni mtu aliyebaki na mwili wa mashine, akimkumbuka mwanamke aliyeuacha mwili kabisa, na kitu pekee chenye damu ndani ya nyumba yake ni mbwa.

Lalamiko zito kuliko yote ni lile la nukuu. Wahusika wanazungumza kwa maneno ya Confucius, ya Buddha, ya Descartes, ya Milton na ya Zaburi, na hawafanyi hivyo mara moja au mbili tu: ni mtindo wao wa kusemezana hata wakiwa safarini ndani ya chombo cha angani. Watazamaji wengi wanauona mtindo huu kuwa majivuno, wakisema mwongozaji ametaka kuonekana amesoma, akawageuza wahusika wake kuwa rafu za vitabu. Nami nilisema hivyohivyo, na kwa sauti kubwa. Kilichonibadilisha ni kitu kidogo nilichokikosa mwanzoni, kwamba wahusika wenyewe wanaujua mtindo huo na wanautaja. Mmoja anaponukuu Zaburi, mwenzake anamwambia kwamba kumbukumbu yake ya nje imeelemea upande mmoja. Hawa ni watu ambao bongo zao zimeunganishwa na maktaba nzima, na kabla hawajatafuta neno lao wenyewe, neno la mtu mwingine limekwisha kufika mdomoni. Filamu inahusu wanasesere, yaani zile roboti za kike, wanaosema kwa roho za kunakiliwa, na wanaowachunguza wanasesere hao nao wanasema kwa maneno ya kunakiliwa. Nilipoliona hilo, nukuu zilianza kunihuzunisha, kwa kuwa Batou hajui tena ni kipi cha kwake.

Hata hivyo, kueleweka kwa wazo hakumaanishi kwamba limetekelezwa vyema. Sisi tunaotumia lugha yenye methali tunajua kwamba maneno ya wahenga hufanya kazi pale yanapoangukia mahali palipotayarishwa, na msikilizaji akapata nafasi ya kupumua baada yake. Katika Innocence nukuu nyingine inafika kabla ya kwanza haijatua. Tatizo hilo linakuwa kubwa zaidi kwa mtazamaji asiyejua Kijapani, ambaye lazima asome tafsiri iliyoandikwa chini ya picha huku picha yenyewe imejaa vitu vidogovidogo vinavyodai macho yake. Anachagua kusoma au kutazama, na lolote analolichagua anapoteza nusu. Nchini Marekani jambo hili lilizidishwa na diski ya kwanza iliyouzwa huko, ambayo badala ya tafsiri ya kawaida iliwekewa maandishi ya wasiosikia, hata milio ya hatua na helikopta ikaandikwa juu ya picha. Wanunuzi walikasirika, na nadhani baadhi ya chuki dhidi ya filamu yenyewe ilianzia pale. Kazi iliyochorwa kwa uangalifu wa kiasi kile haikustahili kufikishwa kwa watu namna hiyo.

Kuhusu uzuri wa picha, watu hawabishani sana, isipokuwa wale wanaosema kwamba wahusika waliochorwa kwa mkono hawakai vizuri juu ya mandhari yaliyotengenezwa kwa kompyuta. Katika baadhi ya sehemu wana haki. Lakini maandamano ya sherehe katika mji wa kaskazini, yenye sanamu kubwa zinazopita polepole huku sauti za wanawake zikiimba kwa mtindo wa jadi wa Kijapani, ni miongoni mwa dakika chache za sinema ambazo ninaweza kuziona nikifumba macho. Wengine wanalalamika kwamba pale hadithi inasimama kabisa. Ni kweli inasimama. Mimi ningeomba isimame kwa muda mrefu zaidi.

Hukumu rasmi nazo hazikupatana. Mei 2004 filamu hii ilishindania tuzo ya Palme d'Or katika tamasha la Cannes, heshima ambayo ni filamu chache sana za uhuishaji zimewahi kuipata, ikatoka bila tuzo. Nchini Japani filamu ilipewa Tuzo Kuu ya SF, yaani ya hadithi za kubuni za kisayansi, lakini nchini Marekani, ilikoonyeshwa kuanzia Septemba, mapato yake ya sinema yalikuwa kiasi cha dola milioni 1 tu.

Kuna sehemu moja ambayo hata baada ya kuitazama mara nne bado nasimama na wanaoikosoa, nayo ni ya msichana ndani ya meli ambamo roboti zile hutengenezwa. Inafichuliwa kwamba roboti zile zimepata uhai wake kwa kunakili roho za wasichana waliotekwa, na kwamba mauaji yalikuwa njia ya kuomba msaada. Kinachofuata kimewaudhi watu wengi: Batou anamgombeza msichana aliyeokolewa kwa kutowafikiria waliodhurika, na miongoni mwa waliodhurika anawahesabu pia wanasesere. Mtoto analia kwamba hakutaka kufanywa mwanasesere. Motoko, aliyerudi kwa muda katika mwili wa mmoja wa wanasesere hao, anajibu kwa maana ya kwamba huenda nao, kama wangekuwa na sauti, wangelia kwamba hawakutaka kufanywa wanadamu. Ninaielewa hoja hiyo, na ninaelewa kwamba Batou, aliyempenda mtu aliyeacha kuwa binadamu, hawezi tena kumwona binadamu kuwa wa kwanza katika kila jambo. Lakini yule ni mtoto aliyeibwa na kufungwa, na filamu inayotenga dakika nyingi kwa sanamu za maandamano haimtengei yeye hata dakika mbili za kusikilizwa. Hapo falsafa imempita mtu aliyekuwa amelala sakafuni akilia. Kila nikiitazama sehemu hiyo, hasira ile ya mara ya kwanza hunirudia.

Ajabu ni kwamba ndani ya meli hiyohiyo ndimo mlimo kile ninachokipenda kuliko vyote. Batou anamvisha Motoko vazi lake la kujikinga, ingawa mwili aliouazima ni wa mwanasesere ambao hauhitaji kusitiriwa na utaachwa tupu muda mfupi baadaye, na Motoko anatambua kwamba Batou hajabadilika. Kabla ya kutoweka Motoko anamwambia kwamba kila Batou atakapoingia mtandaoni, yeye atakuwa kando yake. Batou anarudi mjini, anamchukua mbwa wake nyumbani kwa Togusa, na binti wa Togusa anatoka mbio kumlaki baba, anapewa zawadi, anaikumbatia. Zawadi ni mwanasesere. Togusa anatabasamu. Batou amesimama na mbwa mikononi, mwanasesere anaelekea alipo, na yeye anamtazama kwa muda mrefu bila kunukuu neno la mtu yeyote.