Siku moja maishani mwangu: namchora bibi ambaye hakuachiwa picha

Saa 11 alfajiri. Adhana imenikuta macho. Wiki ya tatu hii namchora mwanamke ambaye hapa Bagamoyo amebaki mtu mmoja tu anaejua sura yake, naye ni bibi yangu mzaa mama. Huyo ninaemchora ni bibi yake yeye, alifariki bibi akiwa mtoto wa miaka nane tisa hivi, na picha hakuna hata moja. Nimeshapata mabega, kiuno nimepata, paji la uso linanikatalia. Nikachemsha chai, nikala kiporo cha wali, nikatoka.

Saa 1 asubuhi, soko la samaki. Nakaa pembeni ya kina mama wanaokaanga na kijitabu changu. Mwanzo walidhani nawachora nikawauze na walikuwa na haki ya kuuliza, siku hizi wamenizoea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekuja na penseli yako? Leo nilimtazama mama mmoja mtu mzima anageuza vibua kwenye karai, mkono wa kulia una kijiko, wa kushoto unarudisha kanga begani kila inapoteleza, wala haangalii, mkono unajua wenyewe. Vidole vifupi, kucha zimelika, na karibu na kifundo kuna madoa madogo meupe mafuta yalipomrukia miaka na miaka. Nikauchora huo mkono mara sita. Akachungulia akaniambia, "Mbona mkono tu, mie mwenyewe siko?" Nikamwambia utakuwepo mama. "Basi nitie na vipuli."

Ndo ninavyofanya, sura sina kwahiyo naikusanya, mkono wa huyu, shingo ya yule, mkao wa mwingine anaeparua samaki kachutama.

Saa 3 nilikuwa kwenye chumba changu cha kazi huku Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kanvasi ya dukani bei yake siiwezi, natumia kitambaa cha marekani, naivuta kwenye fremu ya mbao, napiga stepla, napaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani, ikikauka napiga msasa napaka tena. Nilianza hivyo kwa sababu ya hela tu, baadae ndo nikajua hilo jina limetoka wapi na toka siku hiyo sijawahi kuichana bila kusimama kidogo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, walikuwa wanashusha pamba hizo Unguja tangu miaka ya 1830, mkataba wao na Sultani ni wa 1833, halafu kitambaa kikavushwa huku pwani kikaingia bara na misafara, huko kinatumika kama hela kabisa, kinanunua chakula, kinanunua pembe, kinanunua watu. Na watumwa walioletwa na misafara hiyo wakashushwa hapa walivishwa hicho hicho. Wanawake wakivaa kaniki, yani marekani ile ile iliyotiwa bluu nzito mpaka inakaribia nyeusi. Kwahiyo namchora juu ya nguo yake mwenyewe.

Mpaka saa 8 nilikuwa kwenye kaniki. Nyeusi ya chupa siitumii mana inaua kila kitu, nachanganya bluu na kahawia mpaka nipate ule weusi ambao ukisogea dirishani unaona bluu imejificha ndani. Kwenye picha kaniki iko chini sakafuni, imevuliwa, na yeye amesimama anajifunga kanga, ya kwanza ya maisha yake. Unguja utumwa ulifutwa kisheria 1897, huku Tanganyika mpaka 1922, na wanawake wengi walivyokuwa huru kitu walichokimbilia ni kuacha kaniki na kununua doti yenye rangi, yenye pindo na mji wake. Watu wanasema kanga ni nguo tu ya nyumbani, mimi nasema yule mwanamke alikuwa anaandika cheti chake cha kuzaliwa mwilini.

Saa 9 simu, kastoma wa Dar mwenye duka anataka picha 12 ndogo, wanawake wembamba wana mitungi kichwani, shingo ndefu, sura zisiwepo. "Ukiweka sura hazitoki." Nimezichora hizo miaka mitatu zikalipa kodi, na anaezichora leo sina ugomvi nae, watu wanakula. Lakini mimi nimekataa. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja 1954 na akapata tuzo ya sanaa ya Turner huko Uingereza 2017, aliwahi kutengeneza watu 100 wa mbao wakubwa kama watu wa kweli, wale Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya, kila mmoja akampa jina. Nimeiona kwenye simu tu na nililia. Mimi siwezi 100, namtaka mmoja awe na uso.

Saa 11 jioni kwa bibi. Mtu akiniuliza kabila nasema kwa baba Mkwere, kwa mama nakwama, mana bibi kila nikimuuliza jibu ni lile lile, "Sisi watu wa hapahapa, usichimbe sana." Leo sikuuliza, nikampa simu aone picha ilipofika. Akaisogeza, akaiweka mbali, akanyamaza sana.

"Nani kamfunga hivi?"

"Mimi, bibi."

"Bibi yangu hakuwa akifunga kushoto." Akasimama, akafungua kanga yake juu ya gauni, akaipeleka kulia, ncha akaisokotea ndani, akapigapiga kiunoni mara mbili. "Hivi. Na hapa," akagusa paji la uso, "alikuwa na chale tatu."

"Chale za nini bibi?"

"Za kwao."

Akakaa, akaomba maji.

Saa 4 usiku nimerudi chumbani, nimekwangua paji lote, kiuno pia ntakirudia. Chale sijaziweka. Sikumuuliza zilikuwa zimesimama au zimelala, kesho asubuhi naenda na penseli anionyeshe.