Eti mwili umeizoea

Siku ya nne leo nalala na kuamka na sentensi moja, na mbaya zaidi niliisema mimi mwenyewe.

Jumatatu jioni Dada, anayetibiwa saratani ya titi, alikuwa kakaa kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Kajifunga ule mtandio wa zambarau mnaoujua. Akasema bila kuniangalia, "Ile dawa nyekundu wanaiacha. Wamepima, uvimbe uko vilevile. Wiki ijayo wananianzishia nyingine."

Nami, ili tu nisikae kimya, nikamjibu: "Labda mwili umeshaizoea."

Mkono ukasimama. "Mwili wangu?"

"Si unajua, dawa ikitumika sana..."

"Kumbe mkosaji mwili wangu." Akaokota kijiwe, akakitupa uani, akaendelea kuchambua.

Tangu hapo mock imeanza, Baba Neema kapata barua ya uhamisho kwenda Tabora, na mimi bado niko kwenye ule mkeka. Kwenye daladala namjibu upya. Nasimamia mtihani, namjibu upya.

Na aibu yenyewe: mimi ndiye mwalimu wa Baiolojia Kidato cha Nne. Kila mwaka nakata maksi za wanaoandika kwamba mwili "huzoea" dawa. Klorokwini ilipoondolewa 2001 tukapewa SP, kisha dawa mseto 2006, nani alimwambia mtoto mwenye malaria kwamba kosa ni la mwili wake? Aliyebadilika ni kimelea. Wachache waliokuwa na mabadiliko ya kijeni yaliyowaokoa walibaki, wenzao wakafa, nao wakaijaza nchi. Saratani ya titi hucheza mchezo huohuo ndani ya mtu mmoja. Seli za uvimbe hazifanani. Dawa inaziua zinazouawa, zilizobaki zinazaana. Kuna zinazokarabati upesi DNA iliyoharibiwa na dawa, kuna zinazogoma kufa hata zikiharibika. Na kuna zenye pampu.

Pampu ndiyo niliyompelekea Dada Alhamisi, badala ya kuomba radhi kama watu. Nikamweleza: kuna protini inaitwa P-glaikoprotini, iligunduliwa 1976 kule Toronto, inakaa kwenye utando wa seli. Dawa ikiingia, inaidaka na kuitema nje kabla haijafanya kazi. Ile nyekundu, doksorubisini, hung'aa chini ya darubini maalumu, kwa hiyo maabara wanaliona kwa macho: seli isiyo sugu imejaa wekundu, yenye pampu imebaki na giza.

Akanisikiliza, kisha akapiga goti kwa kiganja. "Si ndiyo sisi na ngalawa ya marehemu baba! Maji yanaingia, umeshika kopo la Kimbo, unachota unamwaga, tunafika ng'ambo tumelowa lakini hatujazama. Kumbe hayo madude yana kopo!"

Akacheka mpaka mtandio ukaanguka, nami nikacheka, kichwa chake kikimetameta kwenye jua la saa kumi. "Na wewe," akasema, "ulikuwa mvivu wa kuchota."

Kuna nisilomwambia. Dawa anayoanzishiwa, paklitakseli, pampu hiyohiyo inaweza kuitema pia. Watafiti wamejaribu miaka mingi kuiziba, na kwa wagonjwa hawakufua dafu. Pampu hizo ziko pia kwenye utumbo, ini na mishipa ya ubongo, zikitukinga na sumu. Lakini si kila uvimbe sugu unategemea pampu. Halafu paklitakseli haihangaiki na DNA, inakamata nyuzi zinazovuta kromosomu seli inapogawanyika, na wapo wanaoiitikia baada ya nyekundu kushindwa. Nimeshika hapo.

Nilipokuwa natafuta viatu akaniita. "Mwalimu. Yale ya Jumatatu nilishayasahau."

Hajayasahau. Ningekuwa mimi nisingeyasahau.

Halafu kuna mama mwenye nyumba. Asubuhi kanipita kwenye ngazi, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kodi nimelipa mpaka Desemba na risiti ninayo. Sasa nimemkosea nini?