Kipupwe, Bibi na Baiskeli Zetu

Ndugu zangu wa Mombasa hawaamini kwamba mji ulio kusini kidogo tu mwa Ikweta unaweza kumlazimu mtu kulala na soksi. Hawakumbuki kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kuanzia Juni hadi Agosti wingu la kijivu hutanda tangu alfajiri, siku nyingine likaliachia jua saa nane mchana, na siku nyingine lisiliachie kabisa. Upepo unaotuletea wingu hilo ni kusi, huu huu ambao huko pwani huwafanya wavuvi waichungulie bahari mara mbili kabla ya kushusha ngalawa. Unatoka Bahari Hindi umebeba unyevu, unapanda na nchi inavyopanda, na ukifika kwetu umekwisha kuwa ukungu na manyunyu. Likizo ya Agosti ya watoto wetu huangukia katikati ya kipupwe hicho.

Mwaka huu mama yangu alikuja kukaa nasi likizo nzima. Alishuka kutoka treni ya SGR pale Syokimau akiwa amejitanda leso mbili juu ya buibui, na kabla wajukuu hawajamaliza kumwamkia alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, huku mwaishi vipi?" Usiku wa pili aliomba jiko la makaa liingizwe chumbani kwake. Hapo ilinibidi nimkatalie, jambo ambalo si jepesi kwa mzazi, kwa sababu makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na msimu wa baridi hautupiti bila kusikia habari za watu waliolala nayo wasiamke. Tulimpa chupa ya maji moto ya kuweka miguuni na blanketi la tatu, akakubali kwa shingo upande.

Baridi ina namna yake ya kuwatenganisha watu walio chini ya paa moja. Mchana kutwa kila mmoja alikuwa na blanketi lake na pembe yake: binti yangu wa miaka tisa na katuni zake, mume wangu na kompyuta ya kazi, mama na redio, na mwanangu wa kiume, ambaye ametimiza miaka kumi na minne, na simu ambayo sikuwa na hakika kama aliitazama au aliitumia tu kama mlango wa kujifungia. Ukimuuliza jambo, jibu ni "sawa" au "sijui". Mume wangu ndiye aliyezishusha baiskeli kutoka ukutani kule verandani, akazijaza upepo, akatia minyororo mafuta, akatangaza kwamba Jumamosi tutatoka, liwake jua au kuwe na ukungu.

Mimi ninashikilia kwamba kipupwe ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha kuendesha baiskeli Nairobi, ingawa majirani zangu wengi huona kinyume. Mvua za masika zimekwisha, za vuli hazitarajiwi mpaka Oktoba, vumbi limelazwa na manyunyu, na jua la nyanda hizi, ambalo Januari na Februari huchoma shingo upesi, limefunikwa. Kinachohitajika ni kuvaa nguo juu ya nguo: fulana, sweta, na koti jepesi la kukinga upepo, kwa maana mwanzoni mtu hutetemeka na mlima wa kwanza humvua sweta. Glavu si anasa. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki ipasavyo, na breki za mtoto ndizo za kwanza kukaguliwa.

Tunakaa Roysambu, kwa hiyo hatuna budi kuanza na Barabara ya Thika. Barabara hiyo kuu, iliyokamilika mwaka 2012, ilijengewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni, na ni haki kukiri kwamba barabara nyingi za jiji hili hazina hata hicho. Lakini njia yenyewe hukatika mara kwa mara: hapa bodaboda zimeegeshwa, pale kuna meza ya ndizi, mbele kidogo matatu imepanda ukingo ili ishushe abiria. Mama mwuza ndizi simlaumu, kwa kuwa wateja wake ndipo wanapopita. Lawama zangu ni kwa yeyote aliyechora njia nzuri kisha akaisahau palipo na makutano, yaani pale pale ambapo mwendesha baiskeli huihitaji zaidi. Kwenye vituo vya matatu tunashuka na kuzikokota. Mume wangu hutangulia, watoto hukaa katikati, nami hufunga mkia, na mwendo wetu sote hupangwa na miguu ya aliye mdogo. (Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu baiskeli kabisa, na kwa kweli nisingetaka kuipanda, ila nimekuwa nikijiuliza ni kiasi gani cha fedha za aina hiyo kingetosha kuunganisha vipande vya njia tulivyo navyo huku chini.)

Tukishaingia Karura kupitia upande wa Barabara ya Kiambu, mabega ya kila mtu hushuka. Msitu una ukubwa wa takriban hekta 1,000, ndani kabisa ya jiji, na njia zake nyingine ni pana kiasi cha baiskeli mbili kwenda sambamba. Katika Agosti udongo wake mwekundu hunata kwenye matairi, majani hudondosha maji hata pasipo mvua, na kima hutukodolea macho kutoka juu kama wazee wa mtaa walioketi kwenye baraza.

Ilikuwa katika njia mojawapo pana kama hizo ambapo mwanangu alianza kuzungumza. Dada yake na baba yake walikuwa wametangulia kwenda kuona maporomoko ya maji. Sisi wawili tulikuwa tunapanda polepole, gia ya chini kabisa, wala sikuwa nimemuuliza kitu. Alisema kwamba darasani wanaulizwa kila mara kuhusu mkondo watakaoufuata watakapoingia Gredi ya 10. Katika mtaala mpya mikondo ni mitatu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; na sanaa na michezo. Mimi na baba yake tulikuwa tumeshazoea kusema mbele za wageni kwamba kijana ni wa sayansi, kwa sababu alama zake za hisabati ni nzuri. Yeye anataka sanaa. Anataka kuchora, na amekuwa akichora, katika simu ile ile niliyokuwa nikiitilia shaka. Alinieleza yote hayo huku akihema, sentensi moja kwa kila mizunguko michache ya pedeli, na tulipofika juu ya mlima alikuwa amekwisha kuniambia pia jina la mwalimu anayemwamini na sababu ya kumwogopa baba yake katika jambo hilo.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Nadhani siri yake ni kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni. Mezani swali la mzazi humkabili mtoto ana kwa ana, na macho yake hayana pa kukimbilia. Juu ya baiskeli wote wawili mnatazama mbele, mnachunga mizizi na madimbwi, na kimya cha nusu dakika hakimwaibishi mtu kwa kuwa kila mmoja anatafuta pumzi. Mtoto huweza pia kukatiza mazungumzo apendapo kwa kuongeza mwendo tu, na nafikiri uhuru huo wa kuondoka ndio uliomfanya abaki. Baba yake alipoambiwa, Jumamosi iliyofuata na papo hapo msituni, aliendesha kwa kitambo bila kusema neno, kisha akauliza anachora nini hasa. Suala halijakwisha. Mume wangu bado anataja uhandisi wa majengo, ambao anadai ni kuchora pia, na kijana bado humjibu kwa kupanda mlima kwa kasi.

Msitu wenyewe nusura upotee. Ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa siri, na ni Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walioingia humo na miche kuzipinga tingatinga. Januari 1999 alipigwa na walinzi wa kukodiwa hadi akajeruhiwa kichwani. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Nilimsimulia binti yangu habari hizo tukiwa tumepumzika chini ya mti, naye akataka kuonyeshwa mti hasa ambapo Profesa alipigwa.

Jioni za Julai, mwanangu huwa anafuatilia mashindano ya Tour de France, ambayo huko Ufaransa hufanyika katika joto la kiangazi wakati sisi tumevaa masweta. Chris Froome, aliyeyashinda mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha mambo ya baiskeli utotoni ni David Kinjah, ambaye makao ya kikundi chake cha Safari Simbaz yako upande wa Kikuyu, si mbali na hapa. Kijana huona uchungu kwamba Froome alishinda chini ya bendera ya Uingereza, wakati mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Dada yake ana swali lake mwenyewe: wanawake je? Nilifurahi kuweza kumjibu kwamba Tour de France ya wanawake, kwa muundo wake wa sasa, ilianza mwaka 2022.

Mama, kwa upande wake, hakupendezwa na suala la wanawake na baiskeli, hasa mwanamke akiwa ni mimi. "Mtu mzima kama wewe, njia kuu, na magari yale!" Nilimjibu kwa adabu kwamba barabarani watu hunipigia kelele za "Pole pole, mathe!" na wengine hunipisha, jambo ambalo hawamfanyii mume wangu. Hakusema zaidi. Jumamosi moja tulimkodia teksi ikamleta hadi langoni, na alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi za nazi alizoamka kuzipika gizani, akaketi kwenye benchi akiwa na leso zake zote. Alipomwona mjukuu wake wa kike akiteremka kilima huku ameachilia breki, alipaza sauti iliyowafanya kima watawanyike, na mtoto aliposimama salama mbele yake alimwambia, "Hebu rudia, nikuone vizuri."

Shule zinakaribia kufunguliwa, na orodha ya mahitaji imekwisha kutundikwa jikoni. Baiskeli ya mwanangu imekuwa ndogo. Kiti kimeinuliwa hadi mwisho na bado magoti yake yanagonga usukani. Tumekubaliana kwamba atanunuliwa ya mtumba iliyo kubwa zaidi, na hii ya sasa itarithiwa na dada yake, ambaye ameikataa katakata kwa sababu ni nyeusi. Baba yake alianza kumweleza kwamba rangi haiongezi mwendo. Bibi alimkatiza, akatoa noti kutoka kwenye fundo la leso, na akaamuru kwamba baiskeli ipelekwe kwa fundi ikapakwe rangi ya zambarau kabla yeye hajapanda treni ya kurudi Mombasa. Fundi ameipokea, ila amesema kwamba katika baridi hii rangi hukawia kukauka, kwa hiyo tusiifuate kabla ya Jumatano.