Tafakari ya juma: Siku Mefiboshethi alipoachwa nyumbani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi!

Somo: 2 Samweli 9, 16:1–4, 19:24–30

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa mfalme Sauli, hakushika upanga, ila vita vilimlemaza. Alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya akamnyakua, akakimbia, mtoto akaanguka. Jinsi Daudi alivyomkaribisha mezani tunaihubiri sana, na tunaishia hapo. Leo tusogee mbele, hadi siku Daudi alipomkimbia Absalomu, mwanawe aliyemwasi.

Mefiboshethi alitaka kufuatana na mfalme, akaagiza punda atandikwe. Siba, mtumishi wake, akamwacha nyumbani na kwenda kumsemea: eti amebaki Yerusalemu akiusubiri ufalme. Daudi akaamini papo hapo, akampa Siba mali yote. Mwenyewe hakuulizwa. (Na huyu ndiye Daudi wetu wa zaburi!)

Nikifika hapo namfikiria mzee mmoja wa usharika wetu, huku Chamwino. Alikuwa mgambo, akapelekwa Kagera mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipovamia. Mwaka uliofuata, ndani ya Uganda, akakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Alirudi na mguu mmoja, akapanda zabibu. Hupogolea akiwa juu ya kigoda: akimaliza shina, anakisukuma kwa gongo hadi shina la pili, anajivuta, anakaa tena. Ukimsogezea, mtagombana.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anatajwa kwenye maombi. Lakini jina lake lilipopendekezwa kwa uzee wa kanisa, watu walisema tumpumzishe, vikao vinaisha usiku na njia ni mbaya. Sidhani palikuwa na hila ya Siba; ilikuwa huruma tu. Hata hivyo alibaki nyumbani, wenzake wakamsemea.

Daudi aliporudi aliamua mashamba yagawanywe kati yao wawili. Mefiboshethi akasema Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama. Hakudai kitu, wala Maandiko hayatuambii kama Daudi aliwahi kulirekebisha jambo lile.

Juzi nilimuuliza mzee wetu tumwombee nini.

“Ombeni mvua,” akasema. “Na uchaguzi ukifika, jina langu lirudisheni. Vikaoni nitakuja na bodaboda.”