240Z ilikuwa inazima konani, kumbe ni tanki

Wakuu, Datsun 240Z, ndo ile iliyobeba Safari Rally 1971 na 1973, nilitoa injini yake ya L24 ya kabureta nikafunga 1JZ ya Toyota Mark II, ambayo ni EFI (inapuliza mafuta kwa umeme). Ikawaka freshi ila nikikata kona kwa spidi kule Raskazone mafuta yakiwa robo, inazima. Plagi, koili, sensa, vyote nimebadilisha, hela imeenda bure iliniuma sana. Kumbe kabureta ina kibakuli chake cha akiba, EFI haina, mafuta yakilala upande pampu inavuta hewa presha inashuka hapo hapo. Nikachomelea katanki ka lita 2, pampu ya zamani inakajaza, ya EFI inavuta kwa chini, ritani (mafuta yanayorudi toka kwenye injini) inarudi humo humo, ya ziada inaenda tanki kubwa. Juzi nimeenda Pangani nikarudi Tanga haijazima hata mara moja, na ule mlio jamani!