Nilivyoomba ugonjwa wangu usisomwe kwa sauti

Huku kwetu Dodoma bado wapo wanaoamini kuwa povu la mwenye kifafa linaambukiza. Ndiyo maana nilipoachishwa kazi ya stoo baada ya kuanguka mbele ya wateja, mama hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza, "Mwanangu, hiyo kesi watu watakaa wasikilize? Wadogo zako bado hawajaolewa."

Nilijaza fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 30 anazopewa aliyeachishwa kazi. Usuluhishi haukunitisha, kwani yanayosemwa pale ni siri na msuluhishi haitwi kuyatolea ushahidi. Hofu ilikuwa kwenye uamuzi, hatua inayofuata usuluhishi ukishindikana. Pale unakula kiapo, vielelezo vinapokelewa, na tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa Tume, inaandikwa kwa jina lako. Asiyeridhika akienda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, hukumu inaweza kuwekwa TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, na mwenye simu yeyote akaisoma.

Nikataka shauri lote lisikilizwe faragha. Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi akanikatalia. "Mdogo wangu, mlango ukifungwa, na mwajiri kajificha humo humo. Funga droo, usifunge nyumba."

Nilikubaliana naye kwa moyo wote, na mpaka leo nakubaliana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na mfanyakazi akishaonyesha msingi wa dai, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wenzetu watajuaje kifungu hicho kinavyofanya kazi ikiwa kila shauri kama langu linaishia gizani?

Basi niliandika barua ya ukurasa mmoja kabla ya tarehe ya kusikilizwa, nakala kwa upande wa pili. Niliomba ripoti ya daktari ipokelewe bila kusomwa kwa sauti, na tuzo isitaje jina la ugonjwa. Niliegemea ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda maisha binafsi ya mtu, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Niliomba pia wakili wa mwajiri apewe muhtasari tu. Hilo mwamuzi alilikataa: atahojije asichokisoma? Liliniuma, lakini alikuwa sahihi. Mengine aliyakubali.

Siku ya maswali ya dodoso, yale ya upande wa pili kuupima ushahidi wangu, wakili wa mwajiri alianza, "Huu ugonjwa wako wa kuangukaanguka..." Mwamuzi akaweka kalamu chini. "Wakili, sema kielelezo namba tatu, ukurasa wa pili, aya ya mwisho." Chumba kizima tukafunua makaratasi. Swali likaulizwa lote, nikalijibu lote, na aliyekuwa amekaa nyuma akisubiri shauri lake hakujua naumwa nini.

Tuzo ilisema "hali ya kiafya ya mlalamikaji", basi. Mengine yote yamo: kwamba mwajiri hakuuliza daktari lolote, wala hakunitafutia kazi nyingine ninayoiweza kabla ya kuniandikia barua, ingawa kanuni za 2007 zinamtaka azitazame njia mbadala kwanza. Kurasa hizo nimezitoa nakala, nawapa wanaonifuata kuuliza. Nawaambia waandike barua yao mapema, maana kilichokwisha kusomwa mbele ya watu hakuna mwamuzi wa kukirudisha.