Mita 192 za Seng'enge: Njia ya Joseph Oklahombi, Champagne

Kutoka Reims, mji wa mkoa wa Champagne nchini Ufaransa, hadi kijiji cha Saint-Étienne-à-Arnes ni kilomita kama 40 kuelekea mashariki. Mimi nilizunguka kusini, kwa Suippes na Souain hadi Sommepy, kwa sababu ndiko walikotokea Wamarekani kupigana na Wajerumani Oktoba 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Barabara inapanda polepole, na mgongo wa Blanc Mont unaziba kila kilicho mbele. Mwinuko wenyewe si wa kutisha, ila nchi yote hii ni tambarare: aliye juu humwona kila anayesogea chini.

Juu pana mnara wa mawe ya manjano wa kuwakumbuka Wamarekani 70,000 waliopigana upande huu. Pembeni yake mahandaki bado yapo, yameota nyasi. Udongo ni chaki tupu. Mvua ikinyesha unanata kwenye viatu kama uji mzito. Usitoke njiani. Kila mwaka majembe ya matrekta huibua makombora, mengine yana gesi mpaka leo, na kifaa cha kusaka vyuma ni marufuku bila kibali.

Nikateremka kaskazini hadi kijiji cha Saint-Étienne. Hapa, tarehe 8 Oktoba 1918, alipigana Joseph Oklahombi, Mchoctaw (mmoja wa makabila ya wenyeji asilia wa Marekani) wa Oklahoma, askari wa kawaida katika rejimenti ya 141, divisheni ya 36. Jina lake lina maneno mawili ya kwao: okla, watu, na abi, kuua.

Hati ya nishani yake inasema alivuka yadi 210 za seng'enge chini ya mvua ya makombora. Ni mita 192. Nilizihesabu kando ya shamba, hatua 250 hivi: mtu asiyebeba kitu anazimaliza kwa dakika mbili na nusu. Kwenye seng'enge hakuna mwendo huo. Nguo ikinasa, unasimama, na anayesimama ndiye anayelengwa.

Husimuliwa kwamba aliteka Wajerumani 171 peke yake. Si hivyo, alikuwa pamoja na wenzake 23. Kwangu mimi kilicho kizito zaidi ni siku nne zilizofuata. Waliteka bunduki za rashasha zaidi ya 50, wakawageuzia Wajerumani wenyewe, wakashikilia mahali hapo huku wakipigwa mizinga na gesi. Rashasha ya Kijerumani ya wakati ule ilimeza mkanda wa risasi 250, na mtutu wake ulipoozwa kwa lita kama 4 za maji. Maji yakichemka yakaisha, mtutu unaungua, kwa hiyo lazima mtu atambae kuyatafuta. Oklahombi alivuka mara nyingi uwanja uliokuwa kati ya majeshi mawili, kupeleleza adui na kuwasaidia majeruhi.

Alipata nyota ya fedha ya Marekani na Croix de Guerre (Msalaba wa Vita) ya Ufaransa. Siku hiyo hiyo, kijiji hicho hicho, Samuel Sampler na Harold Turner wa rejimenti ya 142 walipata nishani kuu ya nchi yao, mmoja kwa kusalimisha Wajerumani 28, mwingine 50. Ushujaa wao haupingwi. Lakini hesabu inasomeka: 28 na 50 zilileta nishani kuu, 171 zikaleta nyota ya fedha.

Chufilly iko kaskazini-mashariki, ng'ambo ya mashamba. Huko, tarehe 26 Oktoba, Wachoctaw walitumwa kusema lugha yao kwenye simu, maana Wajerumani walikuwa wakisikiliza mazungumzo kwenye nyaya, na lugha hiyo hawakuijua. Batalioni waliziita punje za mahindi: moja, mbili, tatu. Rashasha ikawa bunduki ndogo ipigayo upesi. Askari wa Afrika Mashariki waliita silaha hiyo bombom. Kesho yake shambulio la shamba la Forest Ferme liliwakuta Wajerumani hawana habari.

Oklahombi naye anahesabiwa miongoni mwa wasema-simu hao. Alifariki mwaka 1960, akigongwa na lori alipokuwa akitembea barabarani, akazikwa katika makaburi ya Yashau, karibu na Broken Bow, Oklahoma. Medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani kwa Wachoctaw wa simu ilitolewa 2013.